Kiboko Aliyekuwa Ndovu: Wachongaji wa Changamwe na Mti wa Mwarobaini

Nina kiboko wa mwarobaini mezani pangu, urefu wake kiganja na nusu, na jicho lake la kushoto halikuchongwa. Ni kifundo cha mti. Mchongaji alikikuta gogoni akakiacha palepale, kisha akamzungusha mnyama mzima hadi kifundo kikaangukia mahali pa jicho. La kulia alilichimba baadaye kwa ncha ya kisu, lifanane na lile la kwanza. Nilipomuuliza wazo la kiboko lilimjia vipi, alinitazama kama mtu aliyeulizwa ameamua lini kupumua.

"Wazo gani, kijana? Mimi nilikuwa nataka kutoa ndovu. Mti ukakataa."

Sisi tunaoandika habari za sanaa tunalipenda sana swali la msukumo. Uliota? Ulisikia hadithi ya bibi? Uliona jua likizama? Tukipata jibu tamu tunalipandisha juu kabisa ya makala. Mzee yule alinipa jibu la fundi, na kadiri ninavyolirudia ndivyo ninavyoona historia yote ya uchongaji wa Kikamba imejikunja humo. Kwa hiyo kisa ninachokichambua hapa ni kimoja tu: wachongaji walipokosa mti waliouzoea, wakakabidhiwa mwingine usiopenda kuchongwa, walichonga nini?

Kwanza mahali penyewe. Changamwe, barabara ya Port Reitz, ukitoka mjini Mombasa kuelekea uwanja wa ndege wa Moi. Chama cha ushirika cha wachongaji wa Kikamba kipo hapo tangu mwaka 1963, na kimepitisha maelfu ya wanachama. Wenye teksi wanapaita "Akamba" tu, na mgeni anapelekwa moja kwa moja kwenye duka la mbele lenye rafu ndefu. Kazi yenyewe iko nyuma, kwenye vibanda: watu wameketi chini au kwenye visiki, gogo limebanwa kwa nyayo, tezo inapanda na kushuka karibu sana na vidole vya miguu, na sakafu imefunikwa vibanzi hata huoni udongo. Tezo hamsini zikigonga kwa pamoja utadhani mvua ya mawe imeshuka kwenye mabati.

Lawama dhidi ya kazi hii ni ya siku nyingi. Wasomi wa sanaa waliibatiza "sanaa ya uwanja wa ndege", na mimi mwenyewe nimewahi kuirudia lawama hiyo nikijiona mjuzi. Twiga ni yule yule, faru ni yule yule, Mmasai ameshika mkuki ule ule. Ubunifu uko wapi?

Turudi nyuma kidogo. Wakamba walikuwa wakichonga kabla mzungu hajanunua chochote. Vigoda vya wazee vya miguu mitatu, vilivyopambwa kwa nyaya nyembamba za shaba zilizogongelewa ndani ya mbao, vimejaa katika makumbusho ya Ulaya. Walichonga mizinga ya nyuki, vijiko, vichupa vya ugoro. Sanamu ya kuuza, ya mtu au mnyama, ndiyo yenye mwanzo unaojulikana, na mwanzo wake ni vita. Mutisya Munge, mtu wa Wamunyu huko Machakos, alijikuta upande wa Tanganyika katika Vita vya Kwanza vya Dunia, vita vile vile vya wapagazi vilivyotuachia jina la Kariakoo kule Dar es Salaam na Kariokor pale Nairobi. Huko akakutana na Wazaramo. Wazaramo walikuwa mafundi wa mpingo: bakora zenye vichwa vya watu, na mwana hiti, kile kisanamu cha mashungi mawili anachopewa mwari. Munge akatazama, akajifunza. Vita vilipokwisha akarudi Wamunyu, akaanza kuchonga kwa ajili ya kuuza. Ufundi ulikaa kwanza ndani ya ukoo, ukavuka ua, ukaenea kijiji kizima, na kufikia miaka ya 1950 sanamu za Wakamba zilikuwa zikipakiwa melini kwenda Ulaya na Marekani.

Mkamba anapelekwa kwenye ugomvi wa Mwingereza na Mjerumani, anarudi na ufundi wa Mzaramo, anamuuzia Mwingereza. Anayetafuta "sanaa asilia" isiyoguswa na mtu atakuwa amepotea njia tangu hapo. Msukumo wa kwanza wa biashara hii yote ulikuwa ni kukaa karibu na mtu anayejua jambo usilolijua, na kuwa na mti unaofaa mkononi.

Na mti ndio kiini cha kisa hiki.

Miti iliyowajenga wachongaji hawa ni mpingo na muhugu, hasa muhugu. Huo ni mti wa misitu mikavu: Arabuko-Sokoke kule Kilifi, Karura na Ngong jirani na Nairobi. Mbao yake ni ngumu, ina rangi ya asali iliyokolea, na inanukia. Mafuta yake hukamuliwa kutengenezea manukato. Nyuzi zake ni laini na zimeshikana, kwa hiyo mchongaji anaweza kuukonda mguu wa swala hadi ukawa kama penseli na usivunjike. Shangazi yangu ana swala wa aina hiyo kabatini, wa miaka ya 1970, na pembe zake ni nyembamba mno hivi kwamba watoto wa nyumba ile wamekua wakikatazwa hata kulifungua kabati. Bado ni mzima. Muhugu unakuvumilia ukikosea kidogo, na haupasuki ovyo ukikauka. Mafundi wazee wanautaja kama watu wanavyomtaja jirani mwema aliyehama.

Shida yake ni kwamba hauna haraka. Unakua polepole mno, na ukizeeka mara nyingi kiini chake huwa na uwazi, ambao ndege na wanyama wadogo huufanya nyumba. Yule bundi mdogo wa Sokoke, ambaye duniani kote anajulikana katika misitu hii ya pwani ya Kenya na kule chini ya milima ya Usambara Mashariki tu, anaishi kwenye msitu wa muhugu. Viwanda vya mbao vilikuwa vimeshaukata kwa wingi kutengeneza sakafu za nyumba za wenye nacho. Kisha wachongaji wakaongezeka. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ilikadiriwa kuwa Kenya ina wachongaji wapatao 60,000, na miti waliyoitumia kwa mwaka ilihesabiwa kwa makumi ya maelfu. Gogo likaanza kuja usiku. Gogo linalokuja usiku lina bei ya usiku, na halichagui unene: vijiti ambavyo mzee wa zamani angevipeleka jikoni vikaanza kugeuzwa vinyago.

Lawama ikawaangukia walioketi vibandani, maana ndio walioonekana. Nasema hivi bila kuwatakasa. Walijua gogo linatoka wapi. Ila aliyetembea juu ya sakafu ya muhugu Nairobi hakuulizwa kitu.

Hapo ndipo mashirika yalipoingia. Shirika la uhifadhi la WWF, UNESCO na bustani ya mimea ya Kew ya Uingereza, pamoja na watafiti wa misitu wa Kenya, walianza katika miaka ya 1990 kuwashawishi wachongaji wahamie miti ya kupandwa: mwarobaini, mwembe, jakaranda, mgrevilea. Katikati ya miaka ya 2000 wakulima wa pwani na baadhi ya wachongaji wakafikia hatua ya kupata cheti cha FSC, baraza la kimataifa la usimamizi wa misitu, kinachomhakikishia mnunuzi wa ng'ambo kwamba kinyago chake hakikumfukuza bundi nyumbani. Ripoti za mambo haya ni nyingi na zimeandikwa vizuri. Zisichoeleza sana ni yaliyotokea magotini pa fundi siku ya kwanza aliyowekewa gogo la mwarobaini.

Mwarobaini hauhitaji kutambulishwa kwa mtu wa pwani. Ulikuja kutoka Bara Hindi, na sasa unaota wenyewe nyuma ya vyoo, makaburini, kando ya reli. Ndege wanakula matunda na kuusambaza bure. Majani yake tumeogeshwa nayo sote tulipougua tetekuwanga. Ila kama mbao una kero zake, na wachongaji watakuhesabia kabla hujauliza. Shina lake ni fupi na linapinda. Nyuzi zake zinapishana, safu moja inakwenda huku na inayofuata kule, kwa hiyo tezo inayoteleza vizuri upande mmoja wa paja la ndovu inang'oa nyama upande wa pili. Vumbi lake ni chungu. Mpiga msasa akinywa chai saa nne anakunywa na dawa. Na ukikauka upesi, unapasuka.

Mpasuko ndio ulioharibu jina la wengi. Wachongaji hawa huchonga mti ukiwa mbichi, maana ndio laini. Muhugu uliwasamehe. Mwarobaini na jakaranda havisamehi: kinyago kinatoka Mombasa kikiwa kizuri, kinaingia kwenye nyumba yenye joto la mashine huko Ulaya wakati wa baridi, na kabla ya Pasaka twiga ana ufa kutoka kidevuni hadi kifuani. Mnunuzi harudi. Dawa ikapatikana kidogo kidogo. Wengine walijengewa matanuri ya kukausha mbao. Wengine, wasio na tanuri, waliendelea na njia ya kienyeji: kukifukia kinyago ndani ya maranda au kukifunga kwenye mfuko wa nailoni kwa wiki kadhaa ili unyevu utoke kwa adabu.

Hiyo ni dawa ya ufa. Dawa ya nyuzi zinazopishana na shina lililopinda haikuletwa na shirika lolote. Ilibidi mnyama abadilike.

Nilikiona kitu hiki kikitokea, asubuhi moja ya Jumanne, na ndicho kilichonifanya niandike. Mzee alikuwa na kipande cha mwarobaini, urefu kama mkono hadi kiwiko, magome yameshatolewa. Hakuchora kitu. Aligonga mara mbili tatu kwa mgongo wa tezo akisikiliza, akakizungusha, akakaa nacho. Ndani ya dakika ishirini bega la ndovu lilikuwa limetokea, na mstari wa mgongo. Alipoanza kushuka kwenye mkonga, sauti ya tezo ikabadilika. Hata mimi niliisikia: kutoka mlio mnene hadi kitu kama kugonga jiwe. Kifundo, cheusi, kikubwa kama sarafu ya shilingi ishirini, katikati ya mahali ambapo mkonga ungepita.

Alisimama. Mkonga mwembamba ukipitia kwenye kifundo utavunjika, kama si leo ni siku ambayo mtoto wa mtu atauangusha. Kijana aliyeketi karibu naye, mwanafunzi wake, akasema wakate, wafanye ndovu mdogo. Mzee hakumjibu. Aliagiza chai, akainywa yote, akitazama watu wengine wakifanya kazi. Halafu akakigeuza kile kipande juu chini, mgongo wa ndovu ukawa tumbo, na kifundo kikapanda juu upande wa kushoto.

"Ndovu amekufa," akasema, na kumrudishia muuza chai kikombe.

Pigo la kwanza la mnyama mpya lilikuwa mdomo. Mkato mmoja mpana, mlalo, chini ya kifundo. Baada ya hapo hata mimi ningeweza kukwambia ni nini. Miguu aliifanya mifupi, minene, imeshikana na mwili, maana kwenye mwarobaini mguu mrefu ni deni. Mahali tezo ilipong'oa nyama kwenye paja la yule ndovu wa kwanza, alipageuza kuwa mkunjo wa shingo. Kwa hiyo mikunjo ya kiboko wangu, ambayo kila mgeni anaisifu kwa kufanana na kiboko halisi, ilianza kama kosa kwenye mnyama mwingine.

Ukishaona hilo mara moja, rafu za duka la mbele zinasomeka upya. Vibakuli vinavyofuata mpindo wa tawi. Kobe. Ndovu aliyeketi. Twiga wawili walioshikana shingo, waliotoka kwenye panda ya mti. Chui anayepanda gogo, ambapo gogo lenyewe limebaki na ganda lake. Msomi angeliita badiliko hili mtindo mpya na kulitafutia falsafa. Mimi naona mashina mafupi yaliyopinda, na watu wenye akili nyingi mikononi.

Ndiyo maana lawama ya kurudia-rudia imeanza kunipwaya. Pale Changamwe mtu huwa na mnyama wake. Wa faru ni wa faru, pengine miaka thelathini, na jirani yake hajui kumtoa faru vizuri. Ni kweli inachosha kutazama. Lakini mkono uliomtoa faru mara elfu kumi hauhitaji tena kufikiria faru, na macho yanabaki huru kuutazama mti. Waimbaji wa taarabu wanaelewa: anayeujua wimbo hadi usingizini ndiye anayeweza kuuchezea jukwaani. Yule mwanafunzi aliyesema "wakate" bado anamfikiria ndovu.

Sitaki kupaka asali kila kitu. Sehemu kubwa ya kinachotoka vibandani ni kazi ya haraka ya kulipa ada za shule: vishikio vya funguo mia tano vya oda moja, miiko ya saladi, twiga waliopigwa msasa nusu. Wanaopiga msasa, wengi wao kina mama, hulipwa kwa kipande na pesa yenyewe ni ndogo. Kila utalii ukianguka, baada ya uchaguzi wa 2007, baada ya mashambulizi ya 2013 na 2014, na wakati wa korona, wa kwanza kukosa unga ni hao.

Halafu kuna rangi ya viatu. Mnunuzi anataka mpingo kwa sababu ameambiwa mpingo ni mali. Mpingo umekuwa adimu, na tangu Januari 2017 kuusafirisha nje ya nchi mara nyingi kunahitaji vibali vya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Basi kinyago cha jakaranda kinasuguliwa rangi nyeusi ya viatu hadi kinang'aa. Wako wanaolitetea jambo hili kwamba mteja amepata alichokitaka. Mimi siwezi. Si kwa sababu mteja ametapeliwa, huyo ana pesa zake. Ni kwamba chini ya ile rangi kuna jakaranda yenye mistari yake ya krimu, na fundi ameifanyia kazi nzuri, kisha ameifunika kama mtu anayeona haya. (Ukitaka kujua, tumbukiza majini. Mpingo huzama. Au kwaruza chini ya wayo, ambako wavivu hawafikishi rangi.) Kazi za mwarobaini angalau zimeanza kuuzwa na wekundu wake wazi, wekundu unaofanana na mkangazi, na si ajabu, miti hiyo ni ya ukoo mmoja.

Kuna watu watakaoniambia kwamba wachongaji wa kweli ni Wamakonde, wale wa mashetani, ambao hutoa vinyago kutoka ndotoni. Nawaheshimu. Ila hata mashetani yale yana mlango yaliyoingilia: Samaki Likankoa aliyaanza Dar es Salaam miaka ya 1950, na nyuma yake alikuwapo mfanyabiashara wa vinyago, Mohamed Peera, aliyekuwa tayari kununua kitu ambacho hakikufanana na kitu. Ndoto peke yake haikutosha. Palihitajika mpingo, na mtu wa kusema lete nyingine. Tofauti ninayoiona ni ya lugha zaidi. Mmakonde ukimuuliza atakuambia habari za majini, na wewe utaandika. Mkamba atakuambia habari za oda na ada, na wewe utafunga daftari.

Kiboko wangu niliondoka naye akiwa bado mbichi, kinyume cha ushauri. Mzee alitaka akae naye wiki tatu kwenye maranda. Mimi nilikuwa na basi la usiku. Tumboni ameandikwa nambari ya uanachama kwa kalamu, hakuna jina. Upepo wa kaskazi ulipokolea, Januari, ufa mwembamba kama unywele ulitokea mgongoni, ukaanza kushuka kuelekea kwenye kifundo. Nikampigia simu.

"Umefika jichoni?"

Nikamwambia bado, umebaki upana wa kidole.

"Mfunge kwenye mfuko, utie na nguo yenye unyevu kidogo, umwache. Ukifika jichoni nipigie tena."

"Ili unitengenezee?"

"Ili nijue," akasema. "Nina kipande kingine hapa cha mti huo huo."

Ufa ulisimama kabla ya jicho. Sikupiga simu, na sasa nashangaa kile kipande cha pili kilitoka nini.